Mwanangu anaanza kulia tangu getini, simu itasaidia?

SWALI: Dada nesi shikamoo. Mwanangu ana miaka 5 na ana seli mundu, kliniki tunaenda kila mara na damu lazima itolewe, sasa shida yeye akiona tu geti la hospitali analia mpaka anatapika, juzi tumemshika watu wanne na bado mshipa ukapotea wakamchoma mara tatu. Jirani kaniambia nimpe simu aangalie katuni, nikampa, akaitupa chini. Nakosea wapi? Mama wa Temeke.

JIBU: Marahaba mama, na pole sana, kumshika mtoto huku anakuita wewe huyohuyo umuokoe ni kitu kinauma mno.

Simu hujakosea, nadhani ulimpa ameshaanza kulia. Mtoto akishapandisha hofu katuni haimuingii tena, inatakiwa awe ameshazama humo dakika kadhaa kabla, mkiwa bado kwenye benchi, sindano hajaiona.

Alafu gemu inaweza kushinda katuni. Kule Seattle, Marekani, watafiti Hunter Hoffman na David Patterson walitengeneza gemu inaitwa SnowWorld kwa ajili ya watu walioungua moto, maana kusafishwa kidonda cha moto kunauma hata ukiwa umepewa dawa kali. Mgonjwa anavaa miwani ya VR (ile inayofunika macho na kukuonyesha dunia ya kompyuta kama uko ndani yake) anajikuta kwenye bonde la barafu anarusha madonge ya theluji, na wengi walisema maumivu yamepungua, kwa sababu maumivu nayo yanataka uyasikilize na akili ikiwa bize kurusha haibaki na nafasi kubwa ya kuyasikiliza. Angalia hapo, anarusha mwenyewe, hakai tu kutazama. Miwani yenyewe usihangaike nayo, ni mizito na watengenezaji wengi hawaishauri kwa mtoto mdogo hivyo, simu yako inatosha.

Tafuta gemu ya kidole kimoja, idaunlodi nyumbani, zima data na laini (kuna mama alipigiwa simu sindano ndo inaingia, gemu ikapotea, mtoto akaruka), na iwe ya siku za kliniki tu ili aitamani. Mpakate, usimlaze, akilazwa na kukandamizwa hofu inazidi. Mkono mmoja unakuja kwetu, mwingine unacheza, simu unashika wewe.

Na wewe uwe ndani ya gemu. Nilikuwa na mtoto mmoja anapasua maputo, sindano ilipoingia kidole kikasimama hewani, macho yakaanza kugeuka kwangu, mama yake akamwambia "hilo jekundu linakimbia hilo!" kidole kikarudi kazini. Simu peke yake ingeshindwa pale, sauti ya mama ndo ilimrudisha.

Ila usimdanganye mama, naomba sana. Ukimwambia leo huchomwi alafu akachomwa, kesho hata simu ataiogopa, atajua ikitolewa tu sindano inakuja, na kama ulishamwambia hivyo, huenda nayo ilichangia akaitupa. Mwambie kweli, utachomwa, itauma kidogo, tutahesabu mpaka kumi. Hiyo hesabu mfanyie mazoezi nyumbani na mdoli.

Siku hiyo anywe maji ya kutosha na mkono uwe wa moto, mshipa unaonekana kirahisi, hizo mara tatu ndo zilizomuumiza kuliko kitu kingine. Uliza pia krimu ya ganzi, inapakwa kama saa nzima kabla, sio kila duka la dawa wanayo ila daktari wako atakwambia kama inamfaa.

Na ukifika mwambie nesi mapema, "mwanangu anaogopa, naomba nimpakate na acheze kwanza", usione aibu, hata siku foleni ni ndefu, maana dakika tano za kumtuliza ni chache kuliko nusu saa ya kukimbizana naye. Kuna watoto wengine wanataka kuiona sindano ikiingia ndo wanatulia, akikuomba hivyo mwache aangalie, simu weka kwenye pochi.