Mikwaruzo ya mwamba yaeleza nini kuhusu tetemeko?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, katika machimbo ya mawe ya chokaa huku kwetu Tanga, upande wa Amboni, nimeona uso wa mwamba uliosuguliwa hadi ukang'aa, wenye mikwaruzo inayokwenda sambamba. Mzee mmoja ameniambia kwamba ni alama za tetemeko la ardhi. Je, yawezekana kujua kutokana nayo jinsi ardhi ilivyosogea? Msomaji, Chumbageni, Tanga.

JIBU: Yawezekana, ndugu msomaji. Tetemeko hutokea pale pande mbili za mwamba zilizobanana kwenye ufa zinapoachiana ghafla na kusuguana, na chembe ngumu zilizonaswa katikati huchora uso wa mwamba kama miguu ya kabati zito inavyochora sakafu ya saruji linapoburutwa. Mikwaruzo ya mlalo huonyesha kwamba pande zilipishana kwa ubavu. Ya wima, kwamba upande mmoja ulishuka au ulipanda. Ukipitisha kiganja juu yake, mara nyingi utahisi vidaraja vidogo, na kule mkono unakoteleza bila kukwama ndiko ulikoelekea mwamba uliokuwa umeufunika uso huo, ingawa wataalamu hawaitegemei dalili hiyo peke yake.

Yenye habari nyingi zaidi ni mikwaruzo iliyopinda. Baada ya tetemeko la Kaikōura, New Zealand, la Novemba 2016, lenye ukubwa wa 7.8, mikwaruzo mipya ya namna hiyo ilionekana kwenye ufa wa Kekerengu, na mtafiti Jesse Kearse na wenzake wakaieleza. Ufa haupasuki wote kwa mara moja. Mpasuko huanzia mahali fulani kisha hukimbia, na unapowasili, mwamba wa karibu na uso wa ardhi, ambao haujabanwa sana, husukumwa kwanza juu au chini kabla ya kufuata mwelekeo wake mkuu. Kwa hiyo, ukishajua pande zilipishana vipi, namna mkwaruzo ulivyopinda hukuonyesha mpasuko ulikuwa ukielekea wapi, na jambo hilo lina uzito mkubwa, kwa kuwa mtikisiko huwa mkali zaidi kwa wale walio mbele yake. Tarehe 28 Machi 2025, kamera ya ulinzi nchini Myanmar ilinasa ufa wa Sagaing ukiteleza. Kearse na mtafiti mwenzake Yoshihiro Kaneko walipima katika picha hizo mtelezo wa takriban mita 2.5 kwa sekunde 1.3 hivi, katika njia iliyopinda kidogo.

Kwa huko Amboni, uangalifu unahitajika. Maji ya mvua huyeyusha chokaa na kukata mifereji inayofuata mteremko, lakini hayaachi uso uliosuguliwa ukang'aa. Meno ya mashine za kuchimbia nayo hukwaruza. Maelezo yako yanaelekea kwenye ufa, ila mikwaruzo haitaji mwaka, na zipo nyufa zinazoteleza polepole bila tetemeko nazo zikachora vilevile. Kabla mwamba huo haujavunjwa, upige picha ukiwa umeweka rula pembeni, uandike mwelekeo wa mikwaruzo kwa dira pamoja na kiasi inavyoinama, kisha umpelekee mjiolojia.