Jibu: Flashi jana DATA leo DATA1, skripti ya bekapu inagoma

Mkuu, kwenye Linux flashi ya DATA kutokea kama DATA1 hadi skripti ya bekapu isiipate sio virusi wala flashi haijafa. Ukichomeka, udisks (programu inayofungua flashi yenyewe) inatengeneza folda kwa lebo ya flashi, yaani jina lake, ndani ya /media/jina-lako (kwenye Linux ya Fedora ni /run/media/jina-lako), sasa ikikuta folda ya DATA ipo tayari inaongeza 1 mwishoni. Na nahisi aliyeiacha hapo ni skripti yako yenyewe, imerun siku flashi haipo ikatengeneza folda ikaandika humo humo kwenye hadidiski, yaani bekapu zako zingine hazijawahi kufika kwenye flashi!! Chomoa flashi uangalie ndani ya DATA, hamisha vilivyomo kisha futa kwa sudo rmdir, usitumie rm -r inayofuta kila kitu, maana rmdir inakataa kama bado kuna kitu.

Kubadili lebo ni rahisi tu, anza na amri ya lsblk -f inayoorodhesha diski, uone flashi imepewa jina la sdb1 au nini leo (hizo herufi zinahama usizikariri), ifunge kwa sudo umount /dev/sdb1 halafu weka lebo mpya kwa sudo fatlabel /dev/sdb1 BEKAPU. Hiyo ni kwa flashi yenye mfumo wa faili wa FAT, lebo yake mwisho herufi 11. Kama mfumo ni ext4 (wa Linux) tumia e2label, hiyo inafika 16.

Ila ningekuwa wewe ningeiweka kwenye /etc/fstab (faili la kupanga diski zifunguke wapi) kwa UUID, namba yake ya utambulisho, iende /mnt/bekapu, na usisahau kuandika nofail kwenye mstari huo, bila hiyo siku flashi haipo mashine itagoma kuwaka vizuri. Kwenye skripti anza na mstari huu, unaoisimamisha kama flashi haijafunguliwa hapo: mountpoint -q /mnt/bekapu || exit 1