Usimwite Mchawi: Kwa Mnaoanza Kutafsiri Sinema za Kichawi

Siku Gandalf alipoanguka kwenye lile daraja, kibanda kizima kilipiga makofi. Kosa lilikuwa langu.

Kilikuwa kibanda umiza cha Mbagala: mabenchi, spika mbili, jenereta inanguruma nje, kiingilio shilingi 200. Mimi ndiye niliyeshika maiki. Tulikuwa tunaonyesha filamu ya kwanza kati ya zile tatu za The Lord of the Rings, ambazo Peter Jackson alizitengeneza New Zealand zikatoka 2001, 2002 na 2003. Mwanzoni mzee mwenye ndevu ndefu, Gandalf mwenyewe, anaingia kijijini na gari lake la farasi, watoto wanamkimbilia wakitaka fataki. Nami, bila kufikiri, nikatamka: "Huyo mnayemwona ni mchawi mkubwa sana." Watu wakakaa kumsubiri auawe. Alipozama shimoni wakashangilia, huku kwenye kioo wenzake wanalia. Kijana mmoja akauliza kwa sauti, "Sasa hawa wanamlilia mchawi kwa nini?" Maiki ninayo mkononi, jibu sina.

Mdogo wangu unayeingia kwenye kazi hii leo, uwe wa kuingiza sauti au wa manukuu, yale maandishi ya chini ya picha, anzia hapo. Kwa Kiingereza yule mzee ana cheo, wizard. Kwa Kiswahili mchawi hana cheo, ana kesi. Ukimwita mtu hivyo umeshamhukumu, na hakuna mtazamaji atakayekusubiri umweleze kwamba huyu ni wa upande wetu.

Nimejaribu maneno mengi baada ya siku ile. Mganga halikufaa, maana watu wanangoja kuona mteja, kuku na malipo. Mnajimu ni wa nyota. Mlozi ni mchawi yuleyule kwa jina jingine. Nikaishia kwenye mjuzi. Baadaye nikasoma kwamba Tolkien, aliyekitunga kitabu, aliwapa wazee hawa jina katika lugha yake ya kubuni lenye maana ya wenye ujuzi, nikajiona nimepata cheti bila kufanya mtihani.

Ila neno mchawi usilitupe, liweke akiba. Yupo Saruman, mjuzi mkubwa kuliko Gandalf, anayegeuka na kujiunga na adui. Muite mjuzi mpaka usaliti wake ujulikane. Baada ya hapo waache wahusika wenyewe waanze kumwita mchawi, na utasikia benchi la mbele likiguna. Yupo pia Grima, yule mnong'onezaji anayekaa sikioni mwa mfalme. Huyo mpe ruhusa ya kumwita Gandalf mchawi tangu mwanzo, kwa sababu mdomoni mwake ni fitina, na fitina hatuhitaji kufundishana. (Zile filamu za shule ya uchawi, za Harry Potter, ni habari nyingine. Pale shule nzima ni yao, na hadithi yenyewe inacheza na hofu ya watu wa kawaida. Sema wachawi, endelea.)

Kabla hujatafsiri mstari wa kwanza, tazama kazi yote mpaka mwisho ukiwa na daftari, andika kila kiumbe na jina utakalompa. Filamu ya tatu peke yake ina dakika 201. Ukimwita kiumbe jina moja saa ya kwanza na jingine saa ya tatu, watu watadhani ameongezeka mwingine. Mimi niliwaandika wale warembo wa msituni Waelfu. Ikafika mahali mmoja anatokea peke yake, nikasoma kwa sauti nilichoandika, "Elfu mmoja amekuja", na chumba kizima kikaanza kuhesabu. Sasa wanaitwa Waelvi. Wale wafupi wa migodini kuna atakayekushauri uwaite mbilikimo. Usithubutu. Hilo ni jina la dharau wanalorushiwa watu halisi, wengine wanaishi Congo na Burundi na wanakisikia Kiswahili chako. Niliwaita Wahunzi, kwa kazi yao.

Wahobiti, wale watu wadogo wa kijijini kwa kina Frodo, shujaa wetu, niliwaacha walivyo, na hapo nilikuwa na kibali cha mwenyewe. Tolkien hakupendezwa na jinsi Waholanzi na Waswidi walivyoyachezea majina yake, akaandika mwongozo kwa watafsiri: lipi liguswe kwa maana, lipi liachwe. Hobiti liachwe. Baggins, jina la ukoo wa Frodo, kasema libebe ndani yake neno la mfuko. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu. Kwetu mfuko wa namna hiyo ni mkoba, na kurithi mkoba kila mtu anajua ni kurithi nini. Frodo Mkoba, aliyerithi pete yenye balaa kutoka kwa mzee wake! Kama unaingiza sauti, litumie bila woga. Kwenye manukuu liache, kwa sababu sikio la mtazamaji linasikia Baggins huku jicho linasoma Mkoba, na macho na masikio yakigombana anayelaumiwa ni wewe.

Maneno ya kutabana yaache kama yalivyo, au buni sauti isiyo na maana. Usichukue hata nusu ya dua ya msikitini au sala ya kanisani ukaiweka mdomoni mwa mtu anayerusha moto kwa fimbo. Nilifanya hivyo mara moja kwa kutafuta utamu, na mama mmoja jirani alikuja kuniona kesho yake asubuhi. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

Kuna mahali Kiswahili kinakupa zawadi, ipokee. Kule darajani mzee anapomzuia lile pepo la moto, Kiingereza kinatumia maneno manne. Sisi tuna "Hupiti!" tu, na mdomo wa mwigizaji unabaki na nafasi ya kupumua. Kwenye manukuu utapewa mistari miwili, kila mmoja herufi 42 hivi, kwa hiyo neno fupi lenye nguvu ni mali. Na safari yenyewe usihangaike kuieleza. Katika ngano zetu nyingi shujaa huenda kutafuta kitu au kuua mnyama, kama yule kijana wa hadithi ya Unguja aliyemfuata nunda mla watu. Hawa wanakwenda kutupa kitu, ile pete, kwenye shimo la moto. Mtazamaji aliyewahi kusikia vitu vinavyotupwa njia panda, na akakatazwa kuviokota, anaelewa kabla hujafungua mdomo. Niliulizwa mara nyingi kwa nini wasiitupe baharini wakapumzika. Kitabuni wakubwa wanalijadili jambo hilo barazani na kulikataa. Kwenye filamu halimo, kwa hiyo jiandae kuulizwa.

Heshima nayo isikupite. Frodo akimlaumu Gandalf kwa kuchelewa, "Umechelewa, Mzee" inatosha. Bila hilo Mzee, kijana anakuwa mtovu wa adabu na hadithi haimkusudii hivyo. Sam ni mtunza bustani wa Frodo na anamwita Bwana tangu nyumbani. Acha iwe Bwana mpaka mlimani, anapombeba mgongoni.

Nimemweka Gollum mwisho kwa sababu ndiye aliyenifundisha kazi. Yule kiumbe anaipenda pete kama mtu anavyompenda mke, na anajisemea kwa wingi. Wingi hautusumbui, tuna tu-. Jina la mapenzi nililitoa kwenye taarabu: azizi. Taabu ilikuwa kwenye kiambishi. Pete inatakiwa iwe "tunaitaka". Nikajaribu kwa sauti, ikatoka kama mtu anayedai chenji. Usiku mmoja nikabadilisha: "Tunamtaka, azizi wangu. Yuko wapi? Wametuibia." Nywele zilinisimama. Wengine wote waseme iko, yeye peke yake aseme yuko.

Hayo niliyaandika kwenye kazi ya mazoezi, si ya kulipwa, na mwalimu wa Kiswahili aliyekuwa akinipitia alizungushia kalamu nyekundu kila yuko wa Gollum. Nikamweleza, akakubali kwa shingo upande. Kisha tukafika kule mwisho, juu ya shimo la moto, Frodo amebeba pete safari nzima, na badala ya kuitupa anageuka na kusema ni yake. Nikaandika "Pete ni wangu". Mwalimu akafuta, akaandika yangu. Nikarudisha wangu. Akafuta tena. Mara ya tatu nikamwomba tuketi tuitazame pamoja tangu mwanzo, saa tisa na ushee, kwa siku tatu. Ilipofika pale alikuwa na kalamu mkononi. Aliifunika, akaiweka mezani.