Usiuze hiyo overdraivu, shusha gaini kwanza

Mkuu, simama hapo hapo. Umeandika kwamba Tube Screamer yako, hiyo pedali ya overdraivu inayoikwaruza sauti ya gitaa, umeifikisha gaini (kiasi cha kulikuza wimbi) mwisho, kwenye amplifaya besi iko 8, sauti za kati 2, trebo 8. Chumbani inanguruma safi, bendi ikianza gitaa halisikiki, kwa hiyo Jumamosi unaiuza ununue distosheni, pedali ya mkwaruzo mkali zaidi, "yenye gaini ya kutosha". Halafu ukauliza mpangilio wa pedali na kama adapta moja inatosha kwa zote. Hayo mengine yasubiri. Hili la gaini ndilo litakalokumaliza mfuko, na mimi nimeshalilipia kwa pedali tatu ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Gaini yako haijapungua. Imezidi.

Fungua akili uone kinachotokea humo ndani. Kuna chipu ndogo, mara nyingi JRC4558, na diodi zake (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) zimekaa kwenye njia inayorudisha sauti kutoka mdomo wa chipu hadi mlangoni kwake. Chipu inalikuza wimbi la gitaa. Wimbi likikaribia volti 0.6 diodi zinafunguka na kulikata kichwa. Mkato huo ndio mkwaruzo tunaoupenda. Sasa hesabu: nobu ya Drive, yaani gaini, ikiwa sifuri kabisa, chipu bado inakuza takribani mara 12. Ikiwa mwisho, inakuza kama mara 118. Hambaka, yaani pikapu (kinasa sauti cha gitaa) yenye koili mbili, nyuzi zikipigwa kwa nguvu inaweza kutoa volti 0.2 au zaidi. Zidisha kwa 12 mwenyewe. Diodi zimeshaanza kazi kabla hujagusa nobu!

Kuanzia hapo ukizidi kuongeza gaini, sauti haipandi kwa maana yoyote, kwa sababu dari limeshafikiwa. Vinavyopanda ni vile vilivyokuwa chini: mvumo wa pikapu, kidole kinachoteleza kwenye uzi, mkia wa noti uliyotaka ife. Lile pigo la kwanza la piki, kile kipande cha kupigia nyuzi, linabaki na kimo kile kile cha mkia wake. Na ndani ya bendi msikilizaji anakupata kwa lile pigo. Ukishalifuta, unabaki mvumo mmoja mrefu nyuma ya dramu, watu wanajua kuna kitu kinalia lakini hawajui ni nani.

Kodi nazo, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, zinaharibika, na hapa wengi hulaumu nyuzi au tyuningi. Noti mbili zikipita pamoja kwenye mkwaruzo, zinazaa noti nyingine, ikiwemo ile ya tofauti kati yao. Piga A ya Hz 110 na E ya Hz 164.8: tofauti ni 54.8, karibu kabisa na A ya chini yake, 55. Ndiyo maana kodi ya noti mbili, A na E, inasikika nene na safi hata gaini ikiwa kubwa. Sasa weka C# ya Hz 138.6 juu ya A ile ile. Tofauti ni 28.6, haiko kwenye A wala kwenye A# ya huko chini, na jumla yao, 248.6, inaangukia juu kidogo ya B. Hakuna aliyeziomba noti hizo. Gaini kidogo, zinajificha. Gaini mwisho, zinashindana na kodi yenyewe na unapata uji. Kwa hiyo kama unapiga kodi kamili za nyuzi sita, gaini ya mtu anayepiga noti mbili mbili haikufai, hata kama pedali ni moja na amplifaya ni moja.

Sasa sauti za kati, hapo kwenye 2. Gitaa la besi limeshika chini kuanzia Hz 41, bas dramu iko huko huko, matoazi yamefunika juu. Nafasi iliyobaki ya gitaa ni hapo katikati, nawe ndipo ulipofuta. Kinachoniuma zaidi ni kwamba Tube Screamer imetengenezwa kukusaidia hapo hapo: chini ya Hz 720 hivi inakuza kidogo tu, juu ya hapo inachuja, kwa hiyo katikati panavimba. Unainunua kwa ajili ya uvimbe ule, kisha unaukata kwenye amplifaya.

Kwa nini basi chumbani inapendeza? Kwa sababu ya sikio. Watafiti Fletcher na Munson walilipima hili mwaka 1933: sauti ikiwa ndogo, sikio linapoteza besi na ukali wa juu kuliko linavyopoteza katikati. Ukipiga kwa sauti ya chumbani unajaza besi na trebo kufidia, unaona umepata toni. Ukipandisha volyumu jukwaani, sikio linarudisha besi na trebo lenyewe, ile nyongeza yako inakuwa mzigo juu ya mzigo, na katikati pako shimo.

Na hawa watu wa video! Mtu anakaa peke yake, hakuna dramu, hakuna besi, maikrofoni iko mbele ya spika, sauti imeshapitishwa kwenye kompyuta na kusafishwa, halafu anazungusha gaini mwisho anakwambia "sikia nguvu hiyo". Wauzaji nao ukiwaambia gitaa linapotea wanakushushia pedali yenye gaini zaidi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza sauti za kati nimeziweka wapi. Swali la sekunde tano tu.

Kanuni yangu ni moja: volyumu ya pedali kwanza, gaini baadaye. Fanya hivi mkiwa mazoezini, dramu na besi wakipiga, amplifaya ikiwa kwenye sauti ile ile ya jukwaani:

Zima pedali. Weka amplifaya besi 4, kati 6, trebo 5, upate sauti safi ambayo ukichapa kwa nguvu inaanza kukwaruza kidogo. Kama ni Fender ya muundo wa zamani, yenyewe tayari ina bonde katikati, kwa hiyo kati peleka hata 8 na besi ishushe zaidi. Kisha washa pedali, Drive sifuri, Tone katikati, Level (volyumu ya pedali) pandisha mpaka pedali ikiwaka iwe na sauti zaidi kidogo ya ikiwa imezimwa. Sasa piga kodi ya A, nyuzi moja moja polepole, kisha zote kwa pamoja. Ongeza Drive kidogo kidogo. Ukifika mahali ambapo C# huitambui tena ndani ya kodi, umepita. Rudi nyuma kidogo, acha hapo. Mara nyingi nobu inaelekea kati ya namba 9 na namba 11, ukiichukulia kama uso wa saa ya ukutani.

Utaona kavu. Vidole vitakosa ile raha ya noti kujishikilia zenyewe, na utatamani kuipandisha. Usiiguse! Weka simu ukumbini anaposimama msikilizaji, rekodi wimbo mzima, kisha usikilize. Ule ukavu ndio unaosikika kama gitaa ukiwa mbali. Unapohitaji noti ndefu kwa solo, tumia volyumu ya gitaa: piga nyimbo ikiwa 7, kwenye solo ipeleke 10.

Hata ukinunua hiyo distosheni, tatizo utalihama nalo. Pedali ya Boss DS-1 diodi zake zinapeleka wimbi ardhini (kwenye waya wa sifuri wa saketi), mkato ni mkali zaidi, na nobu yake ya Tone ikiwa katikati inachimba bonde kwenye sauti za kati. Big Muff bonde lake ni kubwa zaidi, karibu na Hz 1,000, na gaini yake inafunika kila kitu. RAT ni nzuri sana, ila nobu yake ya Filter inaenda kinyume: ukizungusha kulia sauti inafifia, haizidi kung'aa, na wengi wamesema imeharibika kumbe wameizungusha vibaya. Kwa zote hizo Drive inaanzia chini vile vile.

Jambo jingine, usichomeke pedali moja kwa moja kwenye mikseta. Spika ya gitaa ya inchi 12 huanza kushuka haraka ikifika Hz 5,000 hivi, na ndiyo inayoondoa ule mlio wa mbu ndani ya kopo. Mikseta hupitisha yote. Lazima kuwe na pedali inayoiga kabati la spika hapo katikati.

Mpangilio: overdraivu kabla ya distosheni ukitaka mkwaruzo uongezeke, baada yake ukitaka sauti ipande. Hiyo overdraivu iwe na Drive sifuri na Level juu. Fazi (pedali ya mkwaruzo mzito) ya aina ya Fuzz Face iwe ya mbele kabisa, igusane na gitaa lenyewe, maana ikitanguliwa na pedali yenye bafa (saketi inayoimarisha wimbi la gitaa) inageuka kali na haifuati tena volyumu ya gitaa.

Sasa futa hilo tangazo la Jumamosi, nenda mazoezini na Drive sifuri, kisha weka rekodi ya simu hapa tuisikilize.