Kutoka lebo, kuachwa, na kurudi na nyimbo zako: jibu kwa mleta mada

Mdogo wangu mleta mada, umeuliza kama msanii aliyetoka lebo akakaa kimya anaweza kurudi akiwa peke yake, na kama nyimbo ulizoandika baada ya kuachana na mwenzio zinafaa kurudi nazo au watu watakuchoka kwa kulia. Umemtaja mwimbaji Raye wa Uingereza, ukasema yeye alibebwa na TikTok. Mimi naandika na kuimba kwa gitaa hapa Dar muda mrefu sasa. Lebo nimepitia, kuachwa nimepitia, na huyo dada nimemfuatilia tangu alipokuwa sauti tu kwenye nyimbo za madijei. Niruhusu nikujibu kwa kirefu.

Raye alisaini na lebo ya Polydor mwaka 2014, bado binti mdogo, mkataba wa albamu nne. Miaka ikakatika. Nyimbo za kuchezeka zinatoka na zinapanda chati, mara na dijei Jax Jones, mara na madijei Joel Corry na David Guetta, ila albamu yake haitoki. Na kuandika anajua: wimbo "Bigger" wa Beyoncé ana mkono wake. Juni 2021 akamwaga yote Twitter, kwamba yumo kwenye mkataba tangu 2014 na hajaruhusiwa kutoa hata albamu moja. Julai akaachana na Polydor. Oktoba 2022, akiwa huru na anasambaziwa kazi na kampuni ya Human Re Sources, akatoa "Escapism" na rapa 070 Shake. Januari 2023 ukashika namba 1 Uingereza, mara yake ya kwanza. Albamu ikafuata Februari, na Machi 2024 akabeba tuzo 6 za BRIT, zile tuzo kubwa za muziki Uingereza, usiku mmoja, jambo ambalo hakuna msanii aliyewahi kulifanya. Kwenye ile ya albamu bora alipanda jukwaani na bibi yake, analia. Nililia naye.

TikTok ilisukuma, sikatai. Lakini hebu usikilize ule wimbo kama mwandishi. Unaanza yuko na mtu aliyekutana naye baa, halafu anakupa kisa: mwanamume anayempenda alimkalisha chini usiku uliopita, akamwambia yamekwisha. Moyo unaochanika anaugusia tu, akisema hataki kuusikia. Anakuonyesha anavyovaa, anavyopanda gari, anavyokunywa, anavyojitupa kwa mtu asiyemjua ili asisikie chochote. Ni zaidi ya dakika 4, na mwishoni mdundo unazama kama mtu anayeishiwa nguvu. Hakuna mahali anapoomba umwonee huruma, na ndiyo maana unamwonea. Wimbo kama huo hauandikiki mtu akiwa amekusimamia kichwani anauliza utachezwa klabu au la.

Nayajua hayo kwa sababu lebo niliyokuwa nayo ilikuwa inarudisha kila wimbo wangu wa taratibu. Nilipotoka, na mapenzi yangu pia yakavunjika ndani ya msimu uleule, niliandika kama pepo limenipanda. Nikampelekea prodyuza mmoja Sinza. Kile chumba ukirekodi lazima feni izimwe, maana maiki inainasa, kwa hiyo unaimba jasho linakutiririka mpaka kwenye hedifoni. Nikaimba mistari yangu ya moyo umevunjika, machozi mto, usiku silali. Akasimamisha biti, akaniuliza, "Dada, huyu jamaa alipoondoka aliacha nini ndani?" Nikamwambia ndala. Zipo mlangoni, mama yangu akija kunitembelea anaziona, anadhani mtu amerudi. Akasema, "Basi imba hizo ndala." Tukafuta ubeti mzima, nikaandika pale pale sakafuni:

*Ndala zako ziko mlangoni,*
*mama kaziona kafurahi,*
*nimeshindwa kumwambia.*

Huo ndio wimbo ulionirudishia watu. Sikujaza uwanja, ila nikipiga mahali siku hizi kina dada wanauomba kabla sijakaa kwenye kiti, na kila mmoja ana kitu chake kilichobaki: shati, chaja, funguo. Kwa hiyo hofu yako ya kuchokwa ielekeze kwenye mistari ambayo kila mtu keshaiimba. Kisa chako chenyewe hakijawahi kusikika.

Usiutoe mbichi, lakini. Ukiweza kuuimba mara tatu mfululizo sauti isikatike na bado ukakugusa, umeiva. Ukishindwa kufika kiitikio bila kulia, uache kwanza. Studio inalipiwa kwa saa.

Sasa makaratasi, nimeona umeyapitia harakaharaka kwenye uzi wako. Unasema mmeachana na lebo "kwa maneno". Hapana, mdogo wangu. Pata barua ya kuachiwa yenye sahihi, inayoeleza masta za nyimbo za zamani, yaani rekodi zenyewe, ni za nani na kama unaruhusiwa kurekodi upya. Mpya zisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa jina lako. Na kama prodyuza amechangia kuandika, kama huyo wangu wa ndala, andikianeni asilimia siku hiyohiyo kabla hamjaondoka studio, wimbo ukiwa bado hauna thamani na nyote mna furaha.

Kuhusu kumtaja jina huyo ex wako kwenye ubeti wa pili: mtoe. Kile kipande cha daladala ya Mbagala ulichotuandikia, ulivyoshuka kituo kisicho chako ili usimpite kwao, kiweke hapo badala yake.