Ndege wanatoka ukungu kwa lenzi ya 300mm

Pole ndugu, umeuliza kama lenzi ndiyo inafanya picha zako za ndege wa Naivasha zisitoke safi. Lenzi yako haina ubovu. Ukiwa na Nikon D3500 na lenzi ya 70-300mm, ukivuta mpaka mwisho hata mtikisiko mdogo wa mkono unaonekana kwenye picha. Shida yako ni spidi, yaani muda kamera inaofunguka kupokea mwanga: umesema picha zote ulipiga kwa Auto, na kamera ikiamua yenyewe mara nyingi inachagua spidi ndogo kuliko unayohitaji.

Zungusha gurudumu la juu lenye herufi hadi S, hapo spidi unaichagua mwenyewe. Furukombe akiwa ametulia juu ya mgunga, weka 1/500 ya sekunde. Akiruka, anzia 1/1600. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iache ijipange yenyewe, mwisho 3200. Chengachenga kidogo zinazoletwa na ISO kubwa zinavumilika, picha iliyotikisika haiokoleki. Fokasi weka AF-C, ile inayoendelea kumfuata ndege akisogea, nukta moja tu, uielekeze kwenye jicho la ndege. Ukiacha nukta zote, kamera itashika matete.

Yangeyange wana tatizo lao: weupe unaungua, manyoya yote yanapotea. Bonyeza kitufe cha +/- karibu na kitufe cha kupigia picha, zungusha gurudumu la nyuma hadi -0.7 ili mwanga wa picha upungue kidogo, halafu kuza picha kwenye kioo uone kama mistari ya manyoya imebaki.

Saa sita mchana mimi huwa sihangaiki. Joto linapanda kutoka majini, hewa inachezacheza, na ndege wa mbali hatoki safi hata kwa lenzi ya bei mbaya. Nenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Na lenzi usibadilishe kwenye upepo, vumbi la kule halina adabu.