Mashine ya gemu imejaa, mfuko mwepesi: maswali na majibu

Barua za safari hii karibu zote zina kilio kimoja: mashine ya gemu imejaa na pesa ya kuiongezea nafasi haipo. Nimechagua zile zitakazowafaa wengi. Kabla ya kujibu, naomba tukubaliane jambo moja. Hapa Uganda, kinachommaliza mchezaji mara nyingi ni bando kuliko diski. Tangu Julai 2021 ushuru wa asilimia 12 umo ndani ya bei ya data, na gemu moja kubwa inaweza kumeza GB 100. Ukiifuta leo ili upate nafasi, kisha ukaipakua tena mwezi ujao, umeinunua mara ya pili. Kwa hiyo ninapoandika "nafuu" hapa chini, nimehesabu diski na bando kwa pamoja.

Fundi, nina kibanda cha gemu hapa Mbale, PS4 mbili za GB 500. Kuna vijana wa mpira, kuna wa vita na kuna wa magari. Kila wiki nafuta na kupakua upya. Diski mpya ya nje nimeulizia dukani, siiwezi. Nifanyeje?

Ndugu yangu, achana na diski mpya kwanza. Tangu sasisho la 4.50 la Machi 2017, PS4 yoyote inakubali diski ya nje ya USB 3.0 yenye GB 250 hadi TB 8, na gemu zinachezwa moja kwa moja kutoka humo. Mashine haijali diski imetoka wapi. Sasa pita kwa mafundi wa laptop. Kazi yao kubwa siku hizi ni kuweka SSD (diski ya chipu, isiyozunguka) kwenye laptop za mtumba, na zile diski za zamani za inchi 2.5 wanazozitoa hubaki mezani zikitafuta mnunuzi. Chagua ya GB 500 au TB 1, kisha tafuta kasha la USB 3.0 la kuitia ndani. Vyote viwili kwa pamoja vitakugharimu kidogo kuliko diski mpya ya nje ya ukubwa huohuo. Ukiona ya GB 160 inauzwa bei ya kutupa, iache, maana PS4 itaikataa.

Usitoe shilingi kabla ya kuipima. Mwombe fundi aichomeke kwenye kompyuta na afungue CrystalDiskInfo, programu ya bure. Angalia mistari mitatu: Reallocated Sectors Count, Current Pending Sector Count na Uncorrectable Sector Count. Kwenye safu ya Raw Values, yote mitatu iwe sifuri tupu. Ukiona tarakimu nyingine yoyote, rudisha diski hata ukipunguziwa bei, kwa sababu sehemu zake zimeanza kufa na zitaendelea kufa. Angalia pia Power On Hours, yaani saa ambazo diski imewaka tangu ilipotoka kiwandani. Saa 20,000 ni zaidi ya miaka miwili ya kuzunguka usiku na mchana. Diski kama hiyo bado inaweza kukufaa, ila bei yake iwe ya uzee wake. Mwisho, isogeze sikioni ikiwa inafanya kazi. Ikigonga tik, tik, tik, ondoka.

Kwenye kasha, hakikisha ni USB 3.0 kweli; mara nyingi ulimi wa ndani ya plagi huwa wa bluu. Kasha la USB 2.0 litakataliwa. Lichomeke kwenye mashine yenyewe bila kupitia kigawanyaji cha USB. Diski za inchi 3.5 za kompyuta za mezani nazo zinafanya kazi, lakini zinahitaji adapta yao ya umeme, na kwa kibanda chenye watu wanaopitapita huo ni waya mwingine wa kukwaa miguu.

Ukishafika nyumbani, ingia Settings, Devices, USB Storage Devices, uchague Format as Extended Storage. Hapo kila kilichokuwamo kitafutika, na kompyuta haitaweza tena kuisoma diski hiyo mpaka uifomati upya. Hatua ulizofikia kwenye gemu, picha na video hubaki kwenye diski ya ndani, kwa hiyo usiogope kuhamisha gemu. PS4 moja hutumia diski moja tu ya nje kwa wakati mmoja, basi kila mashine ipate yake.

Na kwa kibanda hasa, ningenunua gemu za CD pale zinapopatikana za mtumba. CD haikuokolei nafasi, maana PS4 hunakili gemu yote kwenye diski hata hivyo, lakini sehemu kubwa inatoka kwenye CD bila bando. Kinachobaki kupakua ni masasisho.

Kijana mmoja mtaani Kampala ananiuzia flashi ya TB 2 kwa bei ya chakula cha mchana. Nikiichomeka kwenye kompyuta inaonyesha TB 2 kweli. Ninunue?

Usinunue. Hicho unachokiona kwenye kompyuta ni maandishi ambayo kidhibiti cha flashi kimefundishwa kuyasema. Ndani mna chipu ndogo, pengine GB 16 au 32. Itaandika vizuri mpaka ijae, kisha itaendelea kupokea data huku ikifuta ya mwanzo au ikiitupa kabisa, na haitakuonya. Utagundua siku gemu inapogoma kufunguka, baada ya bando kwisha.

Dawa ya udanganyifu huu ipo na ni ya bure. Kwenye Windows kuna H2testw, kwenye Linux kuna F3. Hujaza hifadhi yote kwa data halafu huisoma tena kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichorudi. Kwa flashi kubwa kazi hiyo inachukua saa nyingi, lakini ya bandia hujulikana data inaposomwa tena. Muuzaji asiyekubali bidhaa ipimwe wala irudishwe, mpishe. Haya yote yanahusu pia kadi za microSD na hata zile "SSD za nje" nyepesi zenye TB 16 zinazouzwa kwa bei isiyoingia akilini. Inaniuma kwa sababu wanaonaswa ni haohao waliojibana miezi kadhaa kupata hiyo pesa.

Mimi ni mwanafunzi, kaka ameniachia PS5 ya mwaka wa kwanza. Imejaa kwa gemu sita tu. Naambiwa lazima ninunue M.2, ile SSD ya kuongeza ndani ya mashine, na bei yake ni karibu ada ya muhula. Ni kweli?

Si lazima, angalau si sasa. PS5 ya kwanza ina SSD ya GB 825, na mchezaji hubakiwa na GB 667 hivi. Anza kwa kutazama kilichomo. Gemu za PS4 zinazokaa humo zinakula nafasi ghali bila sababu, maana PS5 inaweza kuzicheza kutoka kwenye diski ya nje ya USB, ileile ya mtumba niliyomweleza ndugu wa Mbale. Zihamishe zote.

Gemu za PS5 zenyewe hazichezeki kutoka USB, ila tangu Aprili 2021 unaweza kuzihifadhi huko na kuzirudisha ndani unapozitaka. Hapa ndipo pesa yako inapookolewa. Diski ya kawaida ya laptop hupitisha takriban MB 80 hadi 100 kwa sekunde, kwa hiyo gemu ya GB 50 hurudi ndani kwa dakika zinazotosha kupika chai na kuinywa. Kuipakua upya kwa data ya simu ni habari nyingine kabisa. Ukichezea gemu mbili au tatu kwa kipindi na nyingine zikingoja nje, M.2 inaweza kusubiri hadi umalize chuo.

Siku utakapokuwa na uwezo, jua masharti yake ili usiuziwe isiyofaa. Iwe NVMe ya PCIe Gen4. Gen3 haikubaliki hata kama inaingia kwenye tundu. Sony inapendekeza kasi ya kusoma ya MB 5,500 kwa sekunde au zaidi. Iwe na kipoza joto, na kimo chote pamoja na kipoza kisizidi milimita 11.25, la sivyo kifuniko hakitafunga. Na mashine iwe imesasishwa, kwani tundu hilo lilifunguliwa kwa sasisho la Septemba 2021.

Hapa Arua umeme ulikatika nikiwa katikati ya kupakua. Sasa PS4 inasema diski ya nje ina tatizo. Imekufa?

Huenda haijafa. Iache kwanza mashine ijaribu kuirekebisha, na hiyo huchukua muda. Isipofaulu, zima mashine kabisa, kisha shika kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama saba mpaka usikie mlio wa pili. Unganisha padi kwa waya wa USB. Kwenye menyu itakayotokea, chagua namba 5, Rebuild Database. Hiyo hupanga upya orodha ya vilivyomo bila kufuta gemu. Namba 6 na 7 usiziguse, hizo hufuta kila kitu.

Diski ya kuzunguka inaumia sana umeme unapokatika ikiwa inaandika. Kama una UPS ndogo ya kompyuta, hata ya mtumba yenye betri iliyobadilishwa, chomeka mashine na diski humo. Dakika tano zinatosha kuzima kwa amani. Huna UPS? Basi usiache mashine ikipakua usiku kucha katika hali ya kupumzika majira ya mvua na radi.

Je, nibadilishe diski ya ndani ya PS4 badala ya kuongeza ya nje? Rafiki anasema SSD itaifanya iruke.

Inawezekana na hauhitaji fundi. PS4 hutumia diski ya inchi 2.5 ya SATA yenye unene usiozidi milimita 9.5. Kwenye PS4 ya kwanza unatelezesha kile kifuniko cheusi kinachong'aa juu. Kwenye Slim na Pro tundu liko nyuma. SSD itafupisha kungoja kwa gemu kufunguka, lakini picha haitakuwa nzuri zaidi wala gemu haitakwenda laini kwa kiasi cha kukufurahisha. Kwa pesa ileile diski ya kawaida itakupa nafasi kubwa zaidi, na wewe umeniandikia kwa sababu ya nafasi.

Kinachonifanya nisite ni data. Ukibadilisha ya ndani, unaanza upya: gemu zote zirudishwe, na mfumo usakinishwe kwa flashi. Faili linalotakiwa ni lile la kusakinisha upya, si la kusasisha tu, nalo ni GB 1 hivi. Liweke kwenye folda iitwayo UPDATE iliyo ndani ya folda iitwayo PS4, na lenyewe liitwe PS4UPDATE.PUP. Kabla ya kufungua skrubu hata moja, nakili hatua zako za gemu kwenye flashi nyingine. Ikiwa diski ya ndani bado ni nzima, ongeza ya nje uiache hiyo kazini. Ikiwa imeanza kugoma, basi ibadilishe bila kuchelewa.

Mimi ni mama, niko Jinja. Mtoto ana Xbox Series S na anasema anahitaji "kadi" ya kuchomeka nyuma. Bei yake nusura nianguke.

Pole, mama. Series S ya kwanza ina GB 512 na nafasi halisi ni kama GB 364, kwa hiyo mtoto hakudanganyi. Kadi hiyo ndiyo pekee inayochezesha gemu mpya za Series X na S nje ya hifadhi ya ndani. Lakini gemu za Xbox One, Xbox 360 na Xbox ya kwanza zinachezeka kutoka kwenye diski ya nje ya USB 3.0 ya GB 128 au zaidi, na zile mpya zinaweza kungoja humo hadi zihamishwe ndani. Mnunulie diski. Mwambie pia akague gemu zake kubwa: nyingine, kama Call of Duty, huruhusu kuondoa sehemu asiyoicheza na kubakiza anayoipenda.

Na Nintendo Switch?

Switch ya kawaida ina GB 32, ya OLED ina 64. Zote hupokea microSD ya kawaida hadi TB 2. Kadi ya GB 128 kutoka duka linalokubali kurudishiwa inatosha wengi. Switch 2 ni tofauti, gemu zake zinahitaji microSD Express, hivyo usihamishe kadi ya zamani ukitegemea itafaa.

Jirani yangu ana PS4 na fibre isiyo na kikomo. Naweza kupeleka diski yangu kwake nikapakulia huko?

Ndiyo, na ningependa wengi wajue hili. Diski ya nje iliyofomatiwa na PS4 yako inasomeka kwenye PS4 nyingine bila kufomatiwa tena. Ingia kwa akaunti yako kwenye mashine ya jirani, weka diski iwe mahali pa kusakinishia gemu, pakua, kisha uirudishe nyumbani. Gemu za CD zitaendelea kudai CD. Hakikisha mashine zote mbili zimesasishwa, utoke kwenye akaunti kabla ya kuondoka, na usichomoe diski ikiwa inawaka: shika kitufe cha PS, ingia Sound/Devices, chagua Stop Using Extended Storage, ndipo uvute waya.